Mafunzo ya Mhudumu wa Nyumbani Marekani: Saa Unazodaiwa, Vyeti Unavyohitaji na Namna ya Kuvilinda

Kazi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani ni mmoja wa milango ya kwanza ambayo wengi wetu tunaozungumza Kiswahili huipitia tukifika Marekani. Ukiuliza uanzie wapi, watu wanne watakupa majibu manne. Mmoja alisoma siku moja akaanza kazi. Mwingine alisoma wiki kadhaa akafanya mtihani. Wa tatu anadaiwa saa 12 za masomo kila mwaka, na wa nne hajawahi kudaiwa hata saa moja. Wote wanasema kweli, kwa sababu mahitaji ya mafunzo yanategemea mambo matatu: cheo ulichoajiriwa nacho, jimbo unalofanyia kazi, na nani anayelipia huduma ya mteja wako. Ukiyajua hayo matatu kabla hujatoa pesa yako, utaokoa muda mwingi na fedha ulizozitolea jasho.

Hatua ya 1: Jua cheo chako

Ukiingia ndani ya nyumba, kazi hizi zinafanana: kumwogesha mteja, kumvisha, kumlisha, kumsindikiza chooni, kumpikia, kukaa naye. Kisheria hazifanani.

Kuna mhudumu wa afya wa nyumbani, anayejulikana kwa kifupi kama HHA. Huyu hutumwa na wakala wa afya, na mara nyingi mteja wake ametoka hospitalini au ana ugonjwa unaofuatiliwa na muuguzi. Wakala akiwa ameidhinishwa kulipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu, sheria ya shirikisho inamtaka mhudumu wake awe na mafunzo yasiyopungua saa 75. Ndani ya hizo, saa zisizopungua 16 ni za darasani, na ni lazima zitangulie. Saa nyingine zisizopungua 16 ni za vitendo, chini ya macho ya muuguzi. Baada ya hapo anapimwa ujuzi, kisha anadaiwa angalau saa 12 za mafunzo kazini katika kila kipindi cha miezi 12.

Kuna CNA, muuguzi msaidizi mwenye cheti. Cheo hiki msingi wake ni nyumba za kulelea wagonjwa na wazee. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1987 ndiyo iliyoweka kiwango cha chini cha saa 75 kwa wanaofanya kazi humo, pamoja na mtihani, jina kuandikwa kwenye daftari la jimbo, na saa 12 za mafunzo kila mwaka. CNA wengi hufanya kazi majumbani pia, na majimbo mengi yanakubali cheti chao mahali pa mafunzo ya msingi ya mhudumu wa nyumbani.

Wa tatu ni mhudumu wa huduma binafsi, PCA kwa kifupi, ingawa kila jimbo lina jina lake. Hapa ndipo majibu yanapotofautiana zaidi, kwa kuwa hakuna kiwango kimoja cha shirikisho. Jimbo linaamua lenyewe, na mengine yameacha karibu kila kitu mikononi mwa mwajiri.

Familia ikikuajiri moja kwa moja na kukulipa kutoka mfukoni mwake, huenda usidaiwe cheti chochote. Hilo halimaanishi kwamba huhitaji mafunzo. Mzee wa kilo 80 aliyepooza upande mmoja ni mzito vilevile, awe analipiwa na serikali au na mwanawe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwajiri lisiwe "mnalipa kiasi gani?" Uliza: "Nitaandikwa kwa cheo gani, na jimbo linataka nini kwa cheo hicho?" Omba jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Hatua ya 2: Soma sheria ya jimbo lako

Nitachukua majimbo matatu uone jinsi hesabu inavyobadilika.

Washington ni miongoni mwa yaliyokaza kamba. Mwezi Novemba 2011 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha pendekezo namba 1163, lililodai mafunzo, cheti na uchunguzi wa alama za vidole kwa wahudumu wa muda mrefu. Mhudumu mpya anatakiwa kupata saa 75. Katika hizo, saa 5 za mwanzo ni za utangulizi na usalama, na lazima ziishe kabla hujamgusa mteja: 2 za kukufahamisha kazi, 3 za usalama. Saa 70 zinazobaki unazimaliza ndani ya siku 120 tangu uajiriwe, na cheti chenyewe unakipata ndani ya siku 200. Asiyeimudu lugha ya Kiingereza vizuri anaweza kuomba cheti cha muda kinachomwongezea hadi siku 60. Wengi wetu hatuliombi hilo kwa sababu hatujui kwamba lipo, na mtu anasimamishwa kazi ilhali alikuwa na haki ya kuongezewa muda. Uliza mapema, usingoje siku ya 199. Ukishapata cheti, unadaiwa saa 12 za kujiendeleza kila mwaka, na tarehe ya mwisho ni siku yako ya kuzaliwa.

California ina mambo mawili tofauti. Mhudumu anayefanya kazi na shirika la huduma za nyumbani zisizo za kitabibu anatakiwa kujisajili katika daftari la jimbo, kuchunguzwa alama za vidole na kupimwa kifua kikuu. Mafunzo yake ni saa 5 kabla ya kuanza, yaani 2 za utangulizi na 3 za usalama, kisha saa 5 kila mwaka. Lakini jimbo hilohilo linamtaka HHA awe na saa 120, na CNA awe na saa 160. Ukisikia mtu wa California anasema "mafunzo ni saa tano tu", kwanza muulize anafanya kazi gani.

New York inamtaka PCA asome saa 40 na HHA saa 75. Wa kwanza anadaiwa saa 6 za nyongeza kwa mwaka, wa pili 12.

Kama uko jimbo jingine, tafuta taarifa hizi katika tovuti ya idara ya afya au idara ya huduma za jamii ya jimbo lako. Anwani za tovuti za serikali kwa kawaida huishia na .gov. Zipo tovuti nyingi za biashara zinazojivika sura ya serikali ili zikuuzie darasa. Soma anwani kabla hujasoma kilichoandikwa.

Hatua ya 3: Chagua shule bila kuibiwa

Hapa ndipo nduguzetu wanapoumia sana. Mtu anaona tangazo: cheti cha HHA, mtandaoni, kimalizwe wikendi moja. Analipa, anachapisha karatasi yenye mhuri wa dhahabu, anaipeleka kwa wakala, inakataliwa.

Irudie hesabu ya hatua ya kwanza: saa zisizopungua 16 za vitendo chini ya muuguzi. Saa hizo haziwezi kufanyika kwenye skrini ya simu, maana mtu lazima akuone ukimgeuza mgonjwa kitandani, ukimpima mapigo ya moyo, ukimwosha. Kozi yoyote inayodai kukupa HHA kamili bila wewe kukutana na mwalimu ana kwa ana haijatimiza sheria ya shirikisho, hata iwe na tovuti nzuri namna gani. Nadharia yaweza kufundishwa mtandaoni pale jimbo linaporuhusu, lakini mikono yako lazima ipimwe.

Fanya hivi. Tafuta orodha ya shule zilizoidhinishwa na jimbo lako. Tafuta jina kamili la shule humo, pamoja na namba yake ya idhini. Lisipokuwepo, acha. Likiwepo, piga simu uulize mambo manne: vitendo vinafanyikia wapi, mwalimu ni muuguzi mwenye leseni au la, mtihani unafanyika kwa lugha zipi, na ada inajumuisha nini. Shule nyingine hutaja ada ndogo, kisha vitabu, sare na ada ya mtihani vinakuja juu yake.

Kabla hujalipa popote, waulize waajiri kama wanafundisha wenyewe. Mawakala wengi hufundisha bure wale wanaowaajiri. Kwa CNA kuna ulinzi wa shirikisho: ukiwa tayari umeajiriwa, au umeahidiwa kazi, na nyumba ya wagonjwa inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, hawaruhusiwi kukutoza ada ya mafunzo wala ya mtihani. Na kama ulijilipia, kisha ukaajiriwa na nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12, kuna utaratibu wa kurudishiwa gharama kupitia jimbo. Tunza risiti.

Jambo la malipo ya muda nalo liulizwe mapema. Kanuni ya shirikisho inasema saa za mafunzo zinaweza kutolipwa pale tu masharti manne yanapotimia kwa pamoja: yako nje ya saa zako za kawaida za kazi, unahudhuria kwa hiari, hayahusiani moja kwa moja na kazi yako, na hufanyi kazi nyingine wakati huo. Mafunzo ambayo mwajiri mwenyewe amekuamuru uhudhurie hayawezi kuitwa ya hiari. Zile saa ambazo jimbo linakudai wewe binafsi kwa ajili ya cheti chako zinaweza kuhesabiwa kwa namna nyingine, kwa hiyo uliza kabla, siyo siku ya mshahara.

Hatua ya 4: Andaa nyaraka na mwili

Hapa hakuna mengi. Weka tayari kitambulisho, kibali cha kufanya kazi, kadi ya chanjo na matokeo ya kipimo cha kifua kikuu. Jina liandikwe vilevile katika kila karatasi. Wengi wetu tuna majina matatu, na karatasi moja ikiandika mawili na nyingine matatu, uchunguzi wa alama za vidole unaweza kuchelewa.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni haki yako pale kazi inapokukutanisha na damu au majimaji ya mwili. Kanuni ya usalama kazini ya shirikisho inamtaka mwajiri akupe bila malipo ndani ya siku 10 za kazi tangu uanze kazi hiyo. Kanuni hiyohiyo inamtaka akufundishe kujikinga na vijidudu vya kwenye damu mwanzoni, na kurudia kila mwaka.

Mafunzo ya kufufua mtu aliyezimia, yale ya kubonyeza kifua, mara nyingi hudaiwa pia. Kadi za American Red Cross na American Heart Association hudumu miaka 2. Chukua darasa lenye sehemu ya vitendo juu ya mwanasesere; waajiri wengi hukataa kadi ya mtandaoni pekee.

Hatua ya 5: Ukiwa darasani, jifunze kwa mikono

Mtaala wa shirikisho wa HHA una mada nyingi: mawasiliano, kuandika taarifa, kupima joto la mwili, mapigo na pumzi, kuzuia maambukizi, usafi wa mwili, kumhamisha mteja kwa usalama, lishe na maji, dharura, na kutambua mabadiliko ya ngozi. Usizichukulie zote kwa uzito sawa. Kuna ambazo ukizikosea, mtu anaumia siku hiyohiyo.

Kumhamisha mteja ndiyo ya kwanza. Hapa wahudumu wengi huharibu migongo yao, na wateja huanguka. Kabla hujamgusa, mwambie unachotaka kufanya. Funga breki za kiti cha magurudumu, inua vibao vya kuwekea miguu, hakikisha amevaa viatu visivyoteleza. Mfunge mkanda wa kumshikia kiunoni, juu ya nguo. Kama amepata kiharusi, weka kiti upande wake wenye nguvu, ili mguu unaoweza ndio uongoze. Simama karibu naye, panua miguu yako, kunja magoti, mgongo uwe wima. Usimwinue kwa kumshika makwapani wala kumruhusu akukumbatie shingoni: bega lake linaweza kuchomoka, na shingo yako ikaumia. Hesabuni tatu pamoja, kisha anyanyuke yeye kwa kadiri anavyoweza, wewe ukimsaidia. Rudieni zoezi hili na mwanafunzi mwenzako mpaka mwili wako uache kufikiri. Mwalimu akisema inatosha, omba mara moja zaidi.

Ya pili ni ngozi. Mtu anayelala au kukaa muda mrefu hupata vidonda kwa kugandamizwa: kwenye nyonga, visigino, mwisho wa uti wa mgongo, viwiko. Kidonda huanza kama wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na vitabu vingi vya darasani havilisemi hilo kwa kiasi kinachostahili. Tafuta mahali palipobadilika rangi kuliko ngozi inayopazunguka, penye joto au ubaridi usio wa kawaida, palipo pagumu au pororo. Usipasugue. Mtoe mteja uzito juu ya sehemu hiyo na umjulishe muuguzi siku hiyohiyo. Kumgeuza aliyelala kila baada ya saa 2 ni desturi ya kawaida, isipokuwa mpango wa huduma unasema vingine.

Ya tatu ni kulisha. Mteja akae wima, kidevu kikiwa chini kidogo, umpe kijiko kidogo, usubiri ameze. Akimaliza, abaki wima kwa dakika 30 hivi. Akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, simamisha na utoe taarifa. Chakula kikienda kwenye mapafu kinaweza kuleta nimonia, na kwa mzee hiyo ni hatari ya kifo.

Mengine jifunze kwa kanuni fupi zinazokaa kichwani. Kumvisha aliyepooza upande mmoja: anza na mkono dhaifu, kumvua, anza na wenye nguvu. Kuosha meno bandia: tandika taulo ndani ya sinki, maji yasiwe ya moto. Kuhesabu pumzi: usimwambie unahesabu, maana atabadilisha anavyopumua, endelea kushika kifundo cha mkono kama vile bado unapima mapigo. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika, na pumzi ni 12 hadi 20.

Na jifunze mpaka wako. Katika majimbo mengi kumkumbusha mteja kumeza dawa ni tofauti kabisa na kumpa dawa. Huko Washington, kwa mfano, muuguzi anaweza kumkasimu mhudumu mwenye cheti baadhi ya kazi za kiuguzi, lakini kwanza mhudumu huyo asome saa 9 za kozi maalumu, na kama kazi ni kuchoma insulini, saa 3 zaidi. Familia ikikuomba uchome sindano kwa sababu "ni kazi ndogo tu", jibu kwa heshima: "Mama, hiyo siruhusiwi mpaka muuguzi anifundishe na kuniidhinisha. Tumpigie simu sasa hivi." Kwa jibu hilo unamlinda mgonjwa, na unakilinda cheti chako.

Hatua ya 6: Mtihani

Kwa kawaida mtihani una sehemu mbili, maarifa na vitendo. Kwenye vitendo unapewa kazi chache bila kuzijua mapema, lakini kunawa mikono karibu siku zote kumo. Nawa kwa sabuni sekunde 20 au zaidi, vidole vikielekea chini, na funga bomba kwa karatasi safi. Watu hodari huanguka kwa kusahau mambo madogo: kubisha hodi, kujitambulisha, kufunga pazia, kumwachia mteja kengele karibu na mkono wake, kushusha kitanda. Haya yamewekwa pale kwa ajili ya heshima na usalama wa mtu, na anayeyafanya kila siku kazini hayasahau mbele ya msimamizi.

Ukihofia lugha, uliza kama mtihani unatolewa kwa Kiswahili au kama kuna njia ya kusomewa maswali. Usikubali jibu la mtu wa mapokezi. Piga simu kwa ofisi yenyewe inayosimamia mtihani. Huku ukijiandaa, jifunze maneno ya Kiingereza ya kazi kwa kuyatamka, maana msimamizi atayasema haraka.

Ukikosa, hujafungiwa mlango. Kwa CNA, sheria ya shirikisho inadai mtu apewe angalau nafasi tatu. Kwa HHA, ukishindwa kazi moja, huruhusiwi kuifanya kazi hiyo peke yako mpaka ufundishwe tena na upimwe. Ukishindwa zaidi ya moja, hujafaulu upimaji.

Hatua ya 7: Saa za kila mwaka, zitumie kwa ajili ya mtu unayemtunza

Saa 12 kwa mwaka ni saa moja tu kwa mwezi. Hata hivyo wengi huzikumbuka wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, wakabofya kozi yoyote iliyo mbele yao usiku, wakiwa wamechoka, ili karatasi itoke. Saa hizo zimepotea. Umelipa kwa usingizi wako na hujapata kitu cha kumpelekea mteja.

Mwanzoni mwa mwaka wako, keti uandike mambo matatu yanayokushinda katika nyumba unayofanyia kazi sasa. Labda mteja mwenye dimensia, yaani aliyepungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anakataa kuoga na kukupiga. Labda mwingine ana ugonjwa wa Parkinson, unaovuruga mwendo wa mwili, na anaganda mlangoni, miguu haisogei. Labda mama anakaribia mwisho wa maisha na hujui umwambie nini binti yake. Kila moja ya hayo lina kozi yake. Chagua saa zako kutokana na orodha hiyo, na utaona tofauti wiki ileile. Aliyesoma vizuri kuhusu dimensia anajua kwamba kubishana na mgonjwa kunamzidishia hofu, kwamba umkaribie kutoka mbele akuone, na kwamba anayekataa kuoga huenda anaogopa sauti ya maji, au anaona baridi, au anaona aibu kuvuliwa na mgeni. Mfunike taulo, joto la bafu liwe tayari, muoshe sehemu kwa sehemu.

Kwa HHA kuna nafasi ambayo wengi hawaitumii: mafunzo ya kila mwaka yanaweza kutolewa ukiwa nyumbani kwa mteja, ukihudumia, mradi yanasimamiwa na muuguzi aliyesajiliwa. Kama mteja wako anapata huduma za kiuguzi au tiba ya viungo, muuguzi au mtaalamu mwingine wa afya anatakiwa kufika kukagua huduma unayompa angalau kila baada ya siku 14. Muuguzi akija, mwombe akufundishe jambo mahususi, kwa mfano jinsi ya kutumia mashine ya kunyanyulia mgonjwa, kisha muulize kama saa hiyo itaandikwa kwenye rekodi yako ya mafunzo.

Kabla ya kulipia kozi yoyote ya nje, hakikisha jimbo linaitambua. Washington hukubali kozi zenye idhini ya idara yake ya huduma za jamii, na kila moja huwa na namba ya idhini. Hukohuko, kama muda kati ya cheti chako cha kwanza na siku yako ya kuzaliwa haufiki mwaka mzima, hudaiwi saa za kujiendeleza kwa kipindi hicho cha kwanza.

Hatua ya 8: Tunza rekodi zako mwenyewe

Usimwachie mwajiri. Wakala hufungwa, mfumo wa kompyuta hubadilishwa, na mtu wa ofisini huhama. Anayeulizwa cheti ni wewe. Kila ukimaliza darasa, hakikisha karatasi ina jina lako kamili, jina la kozi, tarehe, idadi ya saa, jina na sahihi ya mwalimu, na namba ya idhini kama ipo. Ipige picha siku hiyohiyo, itume kwenye barua pepe yako, na asili uiweke kwenye faili moja. Kwenye jalada la faili andika tarehe nne: mwisho wa cheti cha jimbo, mwisho wa kadi ya kufufua, mafunzo yajayo ya vijidudu vya damu, na mwisho wa saa za mwaka. Simu ikukumbushe siku 90 kabla ya kila moja. Ukihama nyumba, badilisha anwani yako kwa mamlaka ya jimbo mara moja, kwa sababu barua ya kuhuisha cheti haitakufuata.

Hatua ya 9: Ukipumzika, ukihama, au ukitaka kupanda

Ukiacha kazi ili kulea mtoto au kwenda nyumbani kuuguza mzazi, hesabu miezi. Kwa HHA, miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo inakurudisha mwanzo: mafunzo na upimaji upya. Kwa CNA kanuni ni ya namna hiyohiyo. Zamu chache za kulipwa ndani ya kipindi hicho zinaweza kukuokoa, mradi ziwe na ushahidi wa maandishi.

Ukihamia jimbo jingine, usidhani cheti kinavuka mpaka pamoja nawe. CNA kwa kawaida huomba jina lake lihamishiwe kwenye daftari la jimbo jipya, na ni rahisi zaidi likihamishwa wakati cheti cha zamani kingali hai. Kwa wahudumu wengine kila jimbo lina masharti yake, na nyongeza ya saa ni jambo la kawaida: mwenye saa 75 akihamia California kufanya kazi ya HHA atakuta kiwango cha huko ni 120. Piga simu kabla hujafunga mizigo, na uwaombe shule yako ya zamani barua inayoonyesha idadi ya saa za nadharia na za vitendo, kila moja peke yake.

Ukitaka kupanda, uliza kuhusu kozi fupi za kukuvusha kutoka cheti kimoja hadi kingine. Huko Washington mhudumu mwenye cheti cha jimbo anaweza kusomea CNA kwa njia iliyofupishwa badala ya kuanza upya, na California CNA huongeza saa 40 akawa HHA. Kutoka CNA wengi huendelea na uuguzi wa vitendo, ngazi ya uuguzi iliyo juu ya CNA, ambako baadhi ya shule hudai cheti cha CNA kwanza. Omba orodha ya masharti ya shule mapema, mwaka mmoja kabla ikiwezekana, kwa kuwa baadhi ya shule hutaka masomo ya sayansi na kipimo cha Kiingereza, na hayo hayasomwi kwa wikendi mbili.